Pikipiki Nzito na Watu Walioichonga

Injini ya bodaboda nyingi za Dar es Salaam, Kampala au Kisumu ina sentimita za ujazo kati ya 100 na 150 na silinda moja tu. Ikizimika njiani, dereva anaikokota peke yake hadi kwa fundi. Harley-Davidson ya siku hizi ya aina ya Softail imefungwa injini ya silinda mbili yenye zaidi ya sentimita za ujazo 1,800, na uzito wake unacheza kwenye kilo 300, mara nyingi zaidi. Pamoja na ukubwa huo, haifui dafu kwa mbio mbele ya pikipiki za Kijapani zenye injini nusu ya yake. Haipenyi foleni. Haibebi mzigo wa maana. Kiti kiko chini, usukani ni mpana, na dereva ananyoosha miguu mbele kama mtu aliyekaa barazani kwake jioni. Ukiipima kwa hesabu ya usafiri peke yake, huoni kwa nini iliundwa.

Masimulizi mengi ya pikipiki hii huanzia kiwandani na kuishia kiwandani: waasisi, vita vikuu viwili, kufilisika kulikoepukwa kwa tundu la sindano. Hayo yote yalitokea, na nitayapitia. Lakini ukilifuata umbo lenyewe mwaka hadi mwaka, unagundua kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoifanya iwe hivi ilivyo yalianza kwa mtu aliyeinunua, akaikata, akaichomelea na kuiendesha. Kampuni ilifika nyuma yake, wakati mwingine baada ya miaka ishirini. Wengi wa watu hao walikaa nje ya picha kwa muda mrefu mno, na ndio ninaotaka kuwasimulia.

Kiwanda chenyewe kilianza mwaka 1903 uani kwa familia ya Davidson, mjini Milwaukee, kando ya Ziwa Michigan. William Harley na Arthur Davidson, vijana wa miaka ya ishirini, walifanyia kazi kwenye kibanda cha mbao cha futi 10 kwa 15, wakiunda baiskeli yenye mota. Ndugu zake Arthur, Walter na William, walijiunga nao, na mwaka 1907 kampuni ikasajiliwa. Mwaka 1909 walijaribu injini ya silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Haikuwaridhisha. Wakairekebisha na kuirudisha sokoni mwaka 1911, na mpangilio huo haujaachwa hadi leo.

Inafaa tusimame hapa kidogo, kwa sababu tabia ya pikipiki hii imezaliwa katika chuma hicho. Silinda mbili zimetengana kwa pembe ya digrii 45, kiasi cha kuingia ndani ya fremu iliyokuwa bado ina umbo la baiskeli. Mikono ya pistoni zote mbili imeshikwa na pini moja ya kranki. Kwa hiyo silinda hazipokezani kwa vipindi sawa: ya kwanza inawaka, kranki inazunguka digrii 315, ya pili inawaka, halafu unapita ukimya mrefu wa digrii 405 kabla ya ile ya kwanza kuwaka tena. Ndiyo maana ikisimama na injini ikiunguruma taratibu, mlio wake unachechemea. Mtu aliyeusikia mara moja huutambua akiwa ndani ya nyumba. Mwaka 1994 kampuni iliomba mlio huo usajiliwe kama alama ya biashara. Washindani wakapinga, na mwaka 2000 ombi likaondolewa. Mpangilio huo huo unaleta mtikisiko unaopanda hadi kwenye viganja, na unazalisha nguvu nyingi injini ikiwa bado inazunguka polepole. Dereva hahitaji kuibana gesi ndipo iondoke. Huigusa tu.

Nguvu ya namna hiyo iliifaa Marekani, nchi ya safari ndefu na barabara ambazo wakati ule zilikuwa udongo mtupu. Mpinzani mkubwa wa Harley alikuwa Indian, kampuni ya Springfield, Massachusetts, iliyoanza mwaka 1901. Tarehe 4 Julai 1916 dada wawili, Augusta na Adeline Van Buren, waliondoka Brooklyn, kila mmoja na Indian yake, kuelekea pwani ya Pasifiki. Walitaka kulithibitishia jeshi kwamba wanawake wanaweza kupeleka barua za kijeshi kwa pikipiki. Njiani walikamatwa zaidi ya mara moja kwa kosa la kuvaa suruali. Walipanda hadi kilele cha mlima Pikes Peak huko Colorado, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,300, wakafika Los Angeles mwezi Septemba. Adeline aliomba kazi jeshini na jeshi likamkataa. Baadaye akawa mwanasheria.

Katika miaka ya 1920 gari la Ford la Model T liliteremka bei hadi mtu wa kipato cha kawaida akaliweza, na pikipiki ikapoteza kazi yake ya kuwa usafiri wa mnyonge. Pengine hapa ndipo njia ya Marekani ilipotengana na ya dunia nyingine. Ulaya iliendelea kuunda pikipiki ndogo za kwendea kazini, kama sisi tunavyozitumia leo. Marekani alibaki polisi, akabaki askari, na akabaki mtu aliyenunua pikipiki kwa kuwa alikuwa anaitaka. Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulimaliza watengenezaji wengine wakubwa, wakasalia Harley na Indian. Mwaka 1936, uchumi ukiwa bado hoi, Harley ilitoa modeli ya EL yenye vali juu ya silinda na ujazo wa takribani sentimita 1,000. Karibu pikipiki zote kubwa za kampuni hiyo zilizofuata ni wajukuu wa ile.

Kati ya waliozipanda EL alikuwemo Bessie Stringfield, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1911. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alianza na Indian Scout ya mwaka 1928 akiwa na miaka 16, kisha akahamia Harley na hakutoka tena. Katika maisha yake alimiliki 27. Alikuwa akitandika ramani, anarusha sarafu, na mahali ilipoangukia ndipo anapokwenda. Alivuka Marekani mara nane akiwa peke yake. Safari hizo alizianza katika miaka ya 1930, wakati sheria na desturi za ubaguzi zilimfungia mtu mweusi milango ya hoteli nyingi. Asipopata familia ya watu weusi ya kumpokea, alilala juu ya pikipiki kwenye kituo cha mafuta, koti lake likiwa mto juu ya usukani, miguu juu ya madigadi ya nyuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya kiraia ya kupeleka nyaraka kati ya kambi za kijeshi za ndani ya nchi, akitumia Harley yake. Katika miaka ya 1950 alihamia Miami, akawa muuguzi, akaanzisha klabu ya pikipiki, na magazeti ya huko yakampa cheo cha malkia. Alifariki mwaka 1993. Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani kilimwingiza kwenye jumba lake la heshima mwaka 2002. Nikitafuta mtu mmoja wa kunionyesha pikipiki hii ni ya nini, namtaja yeye: barabara ilikuwa mahali pekee ambapo hakuwa na haja ya kuomba ruhusa ya kupumzika, na alihitaji chombo kizito, cha kuaminika, ambacho mtu angeweza kukilalia.

Vita hivyo vilimpa Harley kazi ya kuunda pikipiki za kijeshi zipatazo 90,000, nyingi zikiwa za modeli ya WLA, na sehemu kubwa ilipelekwa kwa Wasovieti. Vijana waliojifunza kuziendesha na kuzitengeneza jeshini walirudi nyumbani na spana mikononi. Pikipiki za dukani zikawaudhi kwa uzito na mapambo. Wakang'oa madigadi ya mbele, wakakata ya nyuma kwa msumeno, wakatupa mabegi na kila kisichosaidia pikipiki kwenda. Hakuna mchoraji wa kiwanda aliyewaelekeza. Lile umbo jepesi lililoacha injini wazi ionekane lilitoka kwa hao.

Mwishoni mwa wiki ya sikukuu ya 4 Julai 1947, waendesha pikipiki wapatao 4,000 walifurika Hollister, mji mdogo wa California uliokuwa na wakazi karibu idadi hiyo hiyo. Walikunywa, wakashindana mbio mitaani, baadhi wakalazwa rumande. Jarida la Life lilichapisha picha ya mwanamume aliyekaa juu ya Harley akiwa na chupa za bia, nyingine zikiwa zimetapakaa chini ya magurudumu, na Marekani nzima ikapata sura ya kuogopa. Mwaka 1953 sinema ya The Wild One ikaikamilisha sura hiyo kwa Marlon Brando, ambaye humo alipanda Triumph ya Kiingereza. Mwaka huo huo Indian ilifunga kiwanda. Harley ikabaki peke yake, ikiwaonea haya wateja wake waliokata madigadi, ikipendelea picha ya polisi na bwana mwenye sare safi.

Wateja hao hawakungoja idhini. Mwaka 1959 mjini Oakland, Tobie Gene Levingston alianzisha East Bay Dragons, kundi la vijana weusi ambao wazazi wao walikuwa wamehama kutoka kusini kufuata kazi. Lilianza kama klabu ya magari likageuka la Harley. Los Angeles, katika mitaa ya watu weusi ya kusini, fundi Benjamin Hardy alikuwa na gereji ambamo vijana walijifunza kuchomelea, kurefusha miguu ya mbele, kuinamisha shingo ya fremu na kupaka kromu. Mmoja wa waliopita kwake ni Clifford Vaughs, mpiga picha na mwanaharakati wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi iliyopigania haki za raia kusini mwa Marekani.

Waigizaji Peter Fonda na Dennis Hopper walipotaka pikipiki za sinema yao ya Easy Rider, Vaughs ndiye aliyesimamia kazi na Hardy ndiye fundi. Harley za zamani za polisi zilinunuliwa mnadani, zikavuliwa hadi fremu, na kuundwa upya. Moja ilipakwa tangi la rangi za bendera ya Marekani, miguu yake ya mbele ikatupwa mbali, kiti kikashushwa, usukani ukapandishwa. Sinema ilitoka mwaka 1969. Picha ya pikipiki ile ilibandikwa ukutani katika vyumba vya vijana duniani kote, nami naamini hakuna pikipiki nyingine iliyotazamwa kuliko ile. Vaughs aliondolewa kwenye kazi mapema, na majina ya hao wawili hayakuwekwa kwenye orodha ya waliotengeneza sinema. Hardy alifariki mwaka 1994, Vaughs mwaka 2016. Kwa miaka mingi watu walijadili ile pikipiki kana kwamba ilijiumba yenyewe, na hilo linaniuma hadi leo, maana kila fundi anajua mchomeleo hauna bahati: kuna mkono ulioushika.

Mwaka huo huo wa 1969 Harley iliuzwa kwa AMF, kampuni kubwa iliyojulikana zaidi kwa mitambo ya kuchezea bowling. Wamiliki wapya walisukuma idadi ya pikipiki ipande haraka kuliko mitambo ya zamani ilivyoweza. Oili ikavuja, vipuri vikapelea, wafanyakazi wakagoma. Wauzaji wengine walilazimika kuzikamilisha pikipiki wenyewe kabla ya kumkabidhi mteja. Kutoka Japani, Honda ilikuwa imetoa CB750 ya silinda nne, iliyowaka kwa kubonyeza kitufe na isiyodondosha oili sakafuni.

Ndani ya kampuni iliyokuwa ikiyumba hivyo alikuwepo Willie G. Davidson, mjukuu wa mmoja wa waasisi, mkuu wa usanifu. Huyu alikuwa na tabia ambayo wenzake ofisini hawakuwa nayo: alikwenda kwenye mikusanyiko ya waendeshaji, akazunguka kati ya pikipiki zilizoegeshwa, akatazama walichokata na walichoongeza. Mwaka 1971 alitoa Super Glide, iliyochanganya fremu na injini ya pikipiki kubwa na miguu myembamba ya mbele ya modeli ndogo ya Sportster. Mwaka 1977 ikafuata Low Rider, kiti chake kikiwa chini zaidi. Kiwanda kilikuwa kimeanza kuuza, ikiwa mpya na yenye waranti, kile ambacho Hardy na wenzake walikuwa wakikifanya uani kwa miaka mingi.

Tarehe 16 Juni 1981 wakuu 13 wa kampuni, wakiongozwa na Vaughn Beals na Willie G. akiwemo, waliinunua kutoka AMF kwa mkopo mkubwa, wakapanda pikipiki kutoka York, Pennsylvania, hadi Milwaukee. Furaha haikudumu. Uchumi ulianguka, karibu wafanyakazi wanne katika kila kumi wakapunguzwa. Mwaka 1983 Rais Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki za nje zenye zaidi ya sentimita za ujazo 700 kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4. Wajapani walijibu kwa kupunguza injini zao hadi chini kidogo ya 700, huku Honda na Kawasaki wakiwa tayari na viwanda ndani ya Marekani. Ushuru ulinunua muda tu. Mwishoni mwa 1985 benki iliyokuwa ikiikopesha Harley ilitaka kujitoa, na makaratasi ya kufilisika yakaanza kuandaliwa. Aliyeikubalia mkopo mpya ni taasisi ya Heller Financial, na aliyeisukuma hoja hiyo ndani ya Heller alikuwa Bob Koe, afisa aliyekuwa mpenzi wa Harley kwa miaka. Mkataba ulikamilika tarehe 31 Desemba, siku ya mwisho.

Na pikipiki iliyowarudishia watu hamu? Ilitoka kwa mteja. Bill Davis, mhandisi wa St. Louis, alipenda umbo la fremu za zamani zisizo na shokapu nyuma, ambapo chuma kinateremka kwa mstari mmoja kutoka shingoni hadi kwenye ekseli, ila mgongo wake haukuweza kuvumilia mitikisiko. Akaichukua Super Glide yake ya mwaka 1972 na kuficha springi chini ya kiti, nyuma ikabaki na ule mstari. Mwaka 1976 aliendesha hadi Milwaukee kumwonyesha Willie G. Ilipendwa, haikununuliwa. Davis akaendelea, akasajili ugunduzi, akafungua biashara iliyokufa, na mwaka 1982 kampuni ikanunua haki zake. Mwaka 1984 ikazaliwa Softail, ikiwa na injini mpya ya Evolution isiyovuja. Honda, Yamaha, Suzuki na Kawasaki nao wakaunda za kwao za silinda mbili kwa umbo lile lile.

Kuimiliki mashine ya namna hii ni kazi, na historia yake imo pia katika mwili wa dereva. Hadi mwaka 1952 Harley kubwa zilikuwa na klachi ya mguu na gia ya mkono pembeni mwa tangi, na hadi 1965 mtu alipiga kiki injini ambayo ingeweza kumrudishia pigo kwenye goti. Starta ya umeme ya Electra Glide iliwaletea wengi ahueni, na kufikia hapo pikipiki ilikuwa imevuka kilo 340. Uzito huo barabarani hausikiki. Unasikika ukigeuza kwenye maegesho. Hapo klachi inashikwa nusu, breki ya nyuma inaguswa kidogo, breki ya mbele inaachwa kabisa, na macho yanaelekezwa mbali, kule unakotaka kutokea, kwa sababu ukitazama chini unaanguka. Mwendo ukiongezeka, kona inachukuliwa kwa kuusukuma mbele mkono wa usukani wa upande ule unaoendea, ulale, na ubao wa mguu ukikwaruza lami umefika mwisho. Ikilala chini, mtu haiinui kwa mikono: anaipa mgongo, anayaweka makalio kwenye kiti, anashika usukani na fremu, na kutembea kinyumenyume kwa nguvu za mapaja. Wanawake wenye kilo 55 hufanya hivyo. Na katika joto, silinda ya nyuma inachoma paja la kulia foleni inaposimama. Anayeilipia pikipiki hii anayajua haya kabla ya mwezi kwisha, na bado kesho yake anatoka nayo.

Mauzo ya Harley yalifikia kilele mwaka 2006, takribani pikipiki 349,000, na tangu hapo yameshuka huku wanunuzi wake wakizeeka. Kwa modeli za mwaka 2018 kampuni ilifuta familia ya modeli za Dyna na kuhamishia baadhi yake kwenye fremu mpya ya Softail, shokapu moja ikifichwa chini ya kiti, mahali alipoanzia Davis. Vijana wa California waliokuwa wakizipenda Dyna hawakufurahi. Kwa miaka walikuwa wakizipandishia usukani, kuzibadilishia shokapu ndefu ili zilale zaidi kwenye kona, na kuzifunga kikinga upepo cha FXRT ya mwaka 1983, modeli ambayo haikupendwa ilipotoka na ambayo vipuri vyake waliviokota kwenye maghala ya vyuma chakavu. Mwaka 2022 Harley ilitoa Low Rider ST: shokapu ndefu, usukani wa juu, na kikinga upepo chenye sura ya FXRT.